Mgahawa wa River Arts District, Asheville: njooni mle, bado tupo

Nyota 5 na sitoi kwa huruma. Mgahawa uko Asheville, North Carolina, Marekani, kwenye River Arts District, mtaa wa wasanii kando ya mto, ule mto French Broad ulipoingia madukani wakati wa kimbunga Helene, 27 Septemba 2024, wenye mgahawa wakapoteza friji, majiko, kila kitu. Mimi mkazi wa hapa, maji ya bomba hayakuwa salama kunywa mpaka 18 Novemba, na kipindi chote hicho hawa watu walikuwa wanapika supu kwenye maegesho ya kanisa wanagawa bure, hawakuulizi we nani.

Sasa wamefungua tena. Agizeni kamba na griti, ule uji mzito wa mahindi, siagi ya kutosha na kamba hawajakauka, kwa kweli wanajua kupika. Wikiendi huduma inachelewa maana wafanyakazi wengine walihama, vumilieni tu.

Jamani msifute safari mkidhani mji umekufa! Oktoba majani yanapobadilika rangi ndo msimu wetu wa wageni, ndo hela ya kodi inapotoka, na 2024 tuliukosa karibu wote. Njooni, mnunue na kwa wachoraji wa jirani, na tipu muache ya maana.