Duka la kuprinti Nasser Road limeniokoa kwa bosi

Ripoti ilikuwa ya Ijumaa ila Jumatano jioni nikaona wazi siimalizi, nikamfuata bosi mwenyewe nikamwambia mzee naomba hadi Jumatatu saa tatu, sura mbili hizi hapa tayari, imebaki ya hesabu, akakubali lakini akasema hakuna kuongeza tena. Jumatatu saa moja niko Nasser Road na flashi mkononi, si mnajua Kampala nzima inaprinti huko. Jamani hawa watu wanajua kazi! Dada wa mashine alikagua ukurasa mmoja mmoja, akakuta jedwali limekatwa pembeni, akairudia bila kunidai hata shilingi. Saa mbili na nusu niko kwenye boda, karatasi bado za moto. Bei iko juu kidogo, nendeni tu.