TAHADHARI: Nyumba za kupanga "mwezi mzima" kusini mwa Krete

Unayepanga kwenda Krete, Ugiriki, ukae wiki tatu au mwezi ukitembea kwa miguu bila haraka, kaa chonjo na matangazo ya nyumba za pwani ya kusini, hasa Loutro na Agia Roumeli. Mtindo ni uleule. Picha zinavutia, kodi iko chini sana, na "mwenye nyumba" anajibu hata usiku wa manane. Baadaye analalamika kwamba tovuti inamkata kamisheni, anakuhamishia WhatsApp, anaomba nusu ya kodi kwa benki. Ukituma, anadai na dhamana. Ukituma hiyo pia, namba haipatikani tena.

Anza na ramani. Loutro haina barabara: unafika kwa boti au kwa miguu kwa E4, njia ndefu ya Ulaya ya watembea kwa miguu, yenye alama za njano na nyeusi. Agia Roumeli, mdomoni mwa korongo la Samaria, nako gari halifiki. Sasa tangazo linaposema "maegesho mlangoni" au "dakika 10 kwa gari hadi lango la Samaria", aliyeliandika hapajui. Lango la juu liko Xyloskalo, Omalos, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na kutoka hapo hadi Agia Roumeli ni kama kilomita 16 za kuteremka kwa miguu. Anayekuongezea "ofa ya Samaria" ya Januari naye muache. Korongo hufungwa majira ya baridi, na kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi Oktoba.

Kisha omba namba ya AMA. Nyumba ya mtu binafsi inayokodishwa kwa muda mfupi Ugiriki husajiliwa mamlaka ya mapato, na namba hiyo lazima ionekane kwenye tangazo. (Hoteli zina leseni yao tofauti.) Jibu la "nitakutumia ukishalipa" linatosha kukuondoa hapo. Namba nayo huibwa kwenye tangazo la mtu mwingine, kwa hiyo itafute mtandaoni uone kama inaleta nyumba hiyohiyo. Picha nazo zitafute vivyo hivyo.

Kwenye malipo ndipo wengi wanaponasa. IBAN (namba ya kimataifa ya akaunti ya benki) ya Ugiriki huanza na GR na ina herufi na tarakimu 27. Ikianza na herufi za nchi nyingine si lazima awe mwizi, ila uliza sababu. Mlioko Ulaya, tangu Oktoba 2025 benki za nchi za yuro hulinganisha jina na IBAN kabla pesa haijatoka. Ukiona onyo kwamba jina halilingani, naye anakwambia "puuza, ni akaunti ya mke wangu", simama hapohapo. Lipa kwa kadi, ndani ya tovuti uliyoikuta nyumba.

Mnaoomba visa ya Schengen kutoka Afrika Mashariki mna hatari ya pili: karatasi ya malazi ya uongo inaweza kukunyima visa hata kama wewe ndiye uliyetapeliwa.

Umeshatuma? Piga benki saa hiyohiyo uombe muamala urudishwe, maana hela ikishatolewa upande wa pili ni vigumu kuipata. Piga picha mazungumzo yote kabla hajayafuta, ripoti tangazo, nenda polisi uchukue namba ya kesi. Na atakayejitokeza kesho yake akisema anaweza "kukurudishia pesa" kwa ada ndogo, mara nyingi ni walewale.