EM-DAT, hifadhidata ya majanga ya dunia: naikubali sana, ila usiisome ukiwa umefumba jicho moja

Kama ushawahi kubishana na watu janga gani la asili limeua binadamu wengi kuliko yote, hii huduma inakuhusu. EM-DAT ni hifadhidata inayotunzwa na CRED, kituo cha utafiti kilichoko Chuo Kikuu cha Louvain kule Ubelgiji, imeanza 1988 na ndani yake kuna majanga zaidi ya 26,000 kuanzia mwaka 1900 mpaka leo. Kama huitumii kibiashara ni bure, unajisajili kwa barua pepe, unachagua aina ya janga, nchi na miaka, afu unapakua faili la Excel, basi. Mi naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza huko chini maana inahusu roho za watu.

Tuanze na kinachoingia humo. Tukio linaandikwa likitimiza angalau sharti moja, watu 10 au zaidi wamekufa au hawajulikani walipo, au walioathirika wamefika 100, au nchi imetangaza hali ya dharura au imeomba msaada nje. Kwahiyo yale mafuriko ya kila msimu yanayobeba mtu mmoja huku wawili kule hayaonekani kabisa, na ukiyajumlisha dunia nzima sio machache. Hilo lijue mapema.

Sasa fungua faili ulipange kwa safu ya vifo, kikubwa juu. Watu wengi wanategemea kukuta tetemeko, au volkano. Wapi! Juu kabisa ni mafuriko ya China ya 1931, vifo 3,700,000, afu unafuata ukame wa China wa 1928, vifo 3,000,000. Maji yakizidi na maji yakikosekana, hao ndo wauaji wakubwa wa karne iliyopita. Lakini hiyo namba ya 1931 usiichukue kama kitu kilichopimwa kwa mizani, kuna makadirio yanayoanzia laki 4 na kitu tu. Tofauti inatokana na unamhesabu nani, maana mito ya Yangtze na Huai ilipofurika waliokufa maji ni sehemu tu, wengi walikufa miezi iliyofuata kwa njaa na magonjwa kama kipindupindu wakiwa wamebanana kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki vikavu. Wenyewe EM-DAT wanakuonya wazi kwamba data za kabla ya 2000 zina upungufu wa taarifa, na hapo nawapongeza, sio kila mtunza takwimu anakubali hivyo.

Volkano ziko chini kuliko mtu anavyofikiri. Moja ya kubwa humo ni Nevado del Ruiz ya Colombia, Novemba 1985, ambapo joto liliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka usiku likaufunika mji wa Armero, zaidi ya watu 20,000 wakafa. Inauma zaidi ukijua ramani ya maeneo ya hatari ilishatolewa mwezi mmoja kabla na Armero ilikuwa imo. Ukitafuta volkano ya Tambora ya Indonesia ya 1815 au tetemeko la Shaanxi, China, la 1556 linalotajwa kuua watu 830,000 hutaziona, kwa sababu hifadhi inaanzia 1900.

Raha ya hii huduma, na nasema raha kwa kukosa neno lingine maana hizi ni namba za misiba, ni pale unapoweka mistari miwili karibu karibu ukaisoma pamoja. Chukua Ghuba ya Bengal. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kimepiga nchi ambayo leo ni Bangladesh, vifo 300,000, na wapo wanaosema laki 5. 1991 kimbunga kingine hapohapo, karibu 139,000. 2007 kikaja Sidr, nacho kikali kwelikweli, vifo 4,234. Amphan 2020, upande wa Bangladesh vifo makumi tu. Bahari ni ileile, pwani ni ileile tambarare, na watu wameongezeka sana, lakini vifo vimeporomoka! Kilichobadilika ni kwamba kuna majengo ya zege ya kukimbilia yaliyonyanyuliwa juu ya nguzo, kuna taarifa za hali ya hewa zinazotoka mapema, na kuna maelfu ya watu wanaojitolea chini ya CPP, mpango wao wa kujiandaa na vimbunga ulioanza 1972, ambao wanapita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti na bendera kuwaambia watu ondokeni sasa hivi, na watu wanaondoka. Afu shuka mstari mmoja uone Nargis, Mei 2008, miezi michache tu baada ya Sidr, ghuba hiyohiyo, ila imepiga Myanmar kwenye delta ya Ayeyarwady: vifo 138,366. Mimi kila nikiiona hiyo miwili pamoja nakasirika, kabisa. Hao watu wa Ayeyarwady hawakuuawa na upepo peke yake.

Fanya hivyohivyo na 2010. Januari Haiti, tetemeko la ukubwa wa 7.0, vifo 222,570. Februari mwishoni Chile, ukubwa wa 8.8, yaani nguvu iliyotoka ardhini ni kama mara 500 ya ile ya Haiti, na vifo havikufika 600. Tuwe wa haki, la Haiti lilikuwa karibu mno na Port-au-Prince na halikuwa chini sana ardhini, la Chile kitovu chake kilikuwa baharini, kwahiyo hazilingani moja kwa moja. Lakini pia Chile walishachapwa na tetemeko la 9.5 mwaka 1960, na wana sheria kali za ujenzi zinazofuatwa, na Haiti nyumba nyingi zilikuwa zege zito lenye nondo chache na saruji ya kuibia ibia, zikalala chini na watu ndani. Ndo maana ukikata miaka 2000 mpaka 2019 peke yake picha ya juu inageuka, katika vifo milioni 1.23 vya hiyo miaka 20 zaidi ya nusu ni matetemeko na tsunami. Kimbunga unakiona kinakuja siku kadhaa kabla. Tetemeko halikupi hiyo nafasi, linakukuta ndani ya nyumba uliyoijenga miaka 10 nyuma.

Kitu cha kutahadhari ukiwa mgeni: janga moja likigusa nchi nyingi linakatwa mstari kwa mstari kila nchi na yake. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ukisoma mstari mmoja tu utaona Indonesia 165,708 ukadhani ndo yote, kumbe Sri Lanka iko mstari mwingine na 35,399, India 16,389, Thailand 8,345, inaenda hivyo mpaka Somalia 298, ambako mawimbi yalifika saa kama 7 baada ya tetemeko. Saa saba! Muda wa kutosha kabisa kuwaambia watu wapande juu, ila Bahari ya Hindi wakati huo haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami. Na hapo hifadhi haikuambii kuhusu kisiwa cha Simeulue cha Indonesia, karibu kabisa na kitovu, watu zaidi ya 70,000 na waliokufa ni 7 tu, kwa sababu tangu tsunami ya 1907 wazee wanawasimulia watoto kuhusu smong, ndo jina lao la tsunami, kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma usiulize, kimbia mlimani. Kwa vitu kama hivyo inabidi usome kwingine.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Nenda kwenye ukame wa Somalia wa 2010 hadi 2011 uangalie safu ya vifo, ni 20,000. Utafiti uliofanywa baadaye chini ya FSNAU (kitengo cha UN cha usalama wa chakula Somalia) na FEWS NET (mtandao wa Marekani wa tahadhari ya njaa) ulikadiria watu 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hapo pengo ni zaidi ya mara kumi, na sio la 1931, ni la juzi tu. Nakubali ugumu wake, njaa haina saa ya kuanza, na pale vita vilikuwepo na misaada ilizuiwa, kwahiyo kusema huyu kaua ukame huyu kaua vita sio kazi ndogo. Lakini mtu anayepakua faili akachora grafu hajui hayo yote, anachukua 20,000 anaenda nayo kwenye mkutano.

Na joto ndo kabisa. Ulaya 2003 vifo zaidi ya 70,000, Urusi 2010 vifo 55,736, vimeandikwa vizuri. Njoo Afrika kusini mwa Sahara, wachambuzi wameangalia 1900 mpaka 2019 wamekuta mawimbi ya joto mawili tu na vifo 71, wakati Ulaya ni matukio 83 na vifo zaidi ya 140,000. Hivi kweli bara zima lenye jua lile, karne na zaidi, watu 71? Haiwezekani. Watu wanakufa na kuandikwa moyo, presha, uzee, au hawaandikwi popote. EM-DAT wanakusanya kutoka kwa mashirika, serikali, kampuni za bima na vyombo vya habari, sasa kule ambako hakuna anayehesabu wao watatoa wapi namba. Sio kosa lao lote, ila naomba waweke alama inayoonekana kwenye mistari ya aina hiyo, ndani ya faili lenyewe, sio kwenye ukurasa wa maelezo ambao wengi hawaufungui.

Jambo la mwisho kwa anayeanza leo: seli tupu haimaanishi sifuri, inamaanisha hakuna taarifa, kwahiyo usiijaze 0 kabla hujapiga wastani. Safu za hasara ya fedha ziko tupu sana, hasa kwa nchi maskini, mi huwa naziacha kabisa. Na kama unataka undani wa tetemeko lenyewe, kina na kitovu, nenda USGS, shirika la jiolojia la Marekani, afu rudi huku kwa watu.