Kuchagua Opera kwa Kundi Dogo la Waimbaji Vijana: Ipi Inunuliwe Kwanza

Walimu wengi wa muziki huchagua opera kwa umaarufu wake, wakanunua vitabu vya nota, ndipo wakaanza kutafuta nani ataimba nini. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo: orodhesha kwanza sauti ulizo nazo na ala utakazopata kwa hakika, kisha utafute kazi inayolingana nazo. Kundi la vijana saba hadi kumi kwa kawaida lina soprano (sauti ya juu ya kike) wengi, alto (sauti ya chini ya kike) wachache, tenori (sauti ya juu ya kiume) mmoja au hata asiwepo, na mvulana mmoja au wawili ambao sauti zao zimeshuka karibuni na bado hazijatulia. Opera isiyokubali hali hiyo haifai, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Jambo la kuchunguza kabla ya yote si nota ya juu kabisa iliyomo katika wimbo, bali ni mahali ambapo wimbo unakaa kwa muda mrefu. Msichana wa miaka 16 anaweza kuifikia nota ya juu mara moja na kuishika vizuri. Kumtaka akae karibu nayo kurasa nne mfululizo ni kumchosha koo. Kipimo ninachokitegemea ni kumpa mwimbaji ukurasa mgumu kuliko yote wa sehemu yake, auimbe mara tatu mfululizo bila kupumzika, nami nimtazame zaidi ya kumsikiliza. Ikiwa mara ya tatu kidevu kinainuka, mabega yanapanda na mishipa ya shingo inajitokeza, sehemu hiyo si yake mwaka huu, hata kama nota zote zimetoka sawasawa.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Cendrillon ya Pauline Viardot, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1904, mtunzi akiwa na umri wa miaka 82. Viardot alikuwa mwimbaji mashuhuri wa opera kabla ya kuwa mwalimu, na ualimu huo unaonekana katika kila ukurasa. Kinachohitajika ni waimbaji saba na piano moja tu. Hakuna okestra ya kukodi wala sehemu za ala za kunakili. Hadithi ni ile ya binti anayedharauliwa na dada zake wa kambo hadi mwana wa mfalme anapomtafuta, kwa hiyo watazamaji wataifuata hata wasipoelewa maneno. Muda wake ni wa saa moja hivi, na kati ya nyimbo kuna mazungumzo ya kawaida yanayowapa vijana nafasi ya kuvuta pumzi. Tatizo liko sehemu mbili: mchawi mwema anayemlinda binti huyo anahitaji soprano mwepesi mwenye sauti inayokimbia, na tenori wanatakiwa wawili. Usipokuwa na huyo soprano au na tenori hao, ruka uende kwenye chaguo linalofuata.

Chaguo hilo ni Dido and Aeneas ya Henry Purcell, ambayo iliimbwa katika shule ya wasichana huko Chelsea, London, kabla ya mwaka 1689 kwisha. Nayo ni ya saa moja hivi, na uzito wake mkubwa umebebwa na kwaya, jambo linalomsaidia sana kijana mwenye haya ambaye bado hawezi kusimama peke yake. Aeneas, mpenzi wa malkia Dido, ana maneno machache, kwa hiyo mvulana mmoja wa kundi hatazidiwa. Anayehitaji uangalizi ni Dido mwenyewe. Katika wimbo wake wa kuagana na dunia, besi (mstari wa chini wa ala) ya vipimo, yaani mafungu ya mapigo, vitano hurudiwa mara 11 ikishuka polepole, huku sauti yake ikielea juu na kuvuka mipaka ya marudio hayo. Nota zenyewe si za juu kupita kiasi. Kinachomshinda kijana ni pumzi, kwa maana mwendo ni wa taratibu na hakuna pa kujificha. Nimewasikia wasichana wenye sauti ndogo wakiuimba vizuri kuliko wenye sauti kubwa, kwa sababu hawakuulazimisha.

Ikiwa una waimbaji watatu tu, chukua Bastien und Bastienne, ambayo Mozart aliiandika mwaka 1768 akiwa na miaka 12: soprano, tenori na besi (sauti nzito ya kiume), nyimbo fupi fupi, chini ya saa moja. Hata hivyo, usiwape vijana wawili La serva padrona ya Pergolesi ya mwaka 1733 kwa kuwa tu ni fupi. Wawili hao hubeba muziki wote, na Uberto, mhusika wa kiume, anataka besi aliyekomaa.

Kwa watoto ambao sauti bado hazijavunjika, Brundibár ya Hans Krása inaitangulia yote niliyoitaja. Iliandikwa kwa ajili ya watoto mwaka 1938, na watoto waliofungwa katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt waliiimba mara 55. Krása aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944. Anayeinunua na awaeleze waimbaji wake historia hiyo, kwa kuwa si haki kuiimba bila kuijua.

Ninayowasihi walimu waiache ni Hänsel und Gretel ya Humperdinck ya mwaka 1893. Kwa kuwa hadithi ni ya watoto, wengi hudhani muziki nao ni wa watoto, lakini wahusika hao wawili huimbwa na wanawake waliokomaa juu ya okestra nzito.

Kabla ya kulipa, uliza kuhusu hakimiliki. Katika nchi nyingi haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo Viardot, Purcell na Mozart ni huru, ila tafsiri mpya au chapa mpya inaweza kuwa na haki zake. Maneno ya Brundibár yaliandikwa na Adolf Hoffmeister, aliyefariki mwaka 1973, hivyo bado yanalindwa. Amahl and the Night Visitors ya Menotti pia inalindwa, na mtunzi aliagiza kwamba Amahl aimbwe daima na mvulana. Usiinunue ukikusudia kumpa msichana.

Suala la lugha nalo huamua kitabu cha kununua. Kiswahili hutilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari ya Kifaransa na ya Kijerumani mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo. Mfasiri asiyeangalia hilo atakuandikia "moyo" huku pigo zito likiangukia "yo", na mwimbaji ataonekana hajui lugha yake mwenyewe. Kwa Cendrillon na Bastien, nashauri nyimbo zibaki katika lugha ya asili na mazungumzo yasemwe kwa Kiswahili. Basi nunua chapa yenye mazungumzo kamili, kwani zipo zinazochapisha nyimbo peke yake.