Nguzo za uzio Dodoma: njia ipi ya kuzisimika ulipie, ipi uiache

Ukimwita fundi akupigie hesabu ya uzio wa wavu, mara nyingi atakuambia zege kila shimo. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, nguzo zikiachana mita 2.5, hizo ni nguzo 40 na mifuko tisa hivi ya saruji. Mitatu inatosha, isipokuwa kwa nguzo za chuma. Zege linahitajika kwenye kona nne na nguzo mbili za geti, kwa sababu ndizo zinazovutwa na waya. Nguzo ya katikati inashikiliwa na kina cha shimo na kushindilia.

1. Nguzo ya zege, shimo la kushindilia

Kwa Dodoma hii ndiyo ya kwanza. Mchwa hawaiwezi, jua haliipindi.

Nguzo ya mita 2.4 iingie ardhini sentimeta 60. Shimo liwe jembamba, sentimeta 25 hadi 30 tu. Likiwa pana unajiongezea udongo wa kushindilia bure. Tandika kokoto kidogo chini, simamisha nguzo, pima kwa timazi pande mbili. Kisha rudisha udongo kwa tabaka za sentimeta 15, kila tabaka ukiligonga kwa kitako cha mtaimbo hadi kidunde badala ya kuzama.

Hapo kwenye tabaka ndipo kazi inapoharibika. Kibarua akijaza shimo lote kwa mkupuo na kukanyaga juu, chini kunabaki mapengo. Mvua ya kwanza inazamisha udongo na nguzo inalala. Kosa la pili ni udongo mkavu: vumbi la Septemba halishindiliki hata ukiligonga mchana kutwa. Lirashie maji. Ukikamata udongo kwenye kiganja, ushikane bila kuchuruza. Ni rahisi zaidi kuchimba Aprili au Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu. Baada ya miezi hiyo, mimina ndoo ya maji kila mahali pa shimo jioni, uchimbe asubuhi.

Dukani, kwaruza pembe ya nguzo kwa msumari. Ikimomonyoka, iache. Iache pia yenye nondo zinazochungulia au ufa wa kukata upana. Uliza ilimwagwa lini. Siku 28 ndizo zinazotakiwa kabla ya kubebeshwa mzigo.

Kona na geti: shimo la sentimeta 40 kwa 40, kina 75, karibu nusu mfuko kila moja. Changanya ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga, sita za kokoto, maji kidogo. Juu lilaze kama mgongo ili maji yateremke. Jua na upepo wa hapa hukausha zege kabla halijakomaa, basi lifunike kwa magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba. Usivute waya kabla siku hizo hazijaisha. Kila kona iwekewe mikono miwili ya kuegemeza, kila mmoja ukifuata mstari wa waya.

Penye udongo mweusi wa mbuga mambo yanabadilika. Udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na zege lililotanuka juu kama uyoga hunyanyuliwa nao. Chimba hadi sentimeta 90, tanua shimo chini, juu libaki jembamba, na jazia changarawe, si udongo uleule.

2. Chuma cha pembe, ndani ya zege

Ni chepesi, kinafaa mahali gari halifiki. Ila chuma chembamba hukata udongo kama kisu, kwa hiyo hiki lazima kipate zege kila shimo. Mfuko mmoja unatosha mashimo matano hadi sita. Pasua ncha ya chini na uikunje kama mkia wa samaki ili kisizunguke wala kung'oka. Kutu huanzia pale chuma kinapotokea kwenye zege: paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kusimika, ipite usawa wa ardhi juu na chini.

3. Mti uliotiwa dawa

Mikaratusi kutoka Iringa na Njombe ni mizuri ikiwa dawa imeingia kweli. Ukilazimika kukata, kata upande wa juu. Dawa haifiki kwenye kiini, na kitako kilichokatwa ni mlango wa mchwa. Shindilia kwa kokoto. Zege halizuii mchwa: mti ukikauka unasinyaa, nao wanapanda katika upenyo huo bila kuonekana. Oili chafu inasaidia muda mfupi na inaharibu udongo wa bustani.

4. Minyaa

Bei yake ni jasho tu, lakini ni ya kusubiri. Kata vipande vya mita moja, viache kivulini siku chache utomvu ukauke, panda mvua ikikaribia, vikiachana sentimeta 30. Vaa miwani unapokata. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na watoto wakae mbali.