ddrescue: programu iliyotuokolea picha za baba kwenye diski iliyokuwa inakufa

Kwa mwenye haraka nianze na hukumu yangu. Kama diski ya kompyuta yako bado inazunguka na kompyuta bado inaiona, ila inasoma kwa kukwamakwama, sijaona programu ya kuaminika kuliko GNU ddrescue. Ni ya bure kabisa, haina toleo la kulipia, na kazi yake ni moja tu: kunakili diski nzima, sekta kwa sekta (yaani vipande vidogo vidogo ambavyo diski imegawanywa), kwenda kwenye diski nyingine iliyo salama. Kutafuta faili kunakuja baadaye, kwenye nakala.

Diski yetu ilikuwa ya GB 500, ya laptopu ya dada yangu ambaye ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Humo mlikuwa na maksi, mitihani ya miaka mingi, na picha na video za marehemu baba. Laptopu ilianza kuganda, ikawa kufungua folda moja unasubiri mpaka unachoka, mwisho Windows ikagoma kuwaka. Fundi wa kwanza akamwambia, "Mwalimu, hii dawa yake ni kufomati, kisha tutajaribu programu ya kurudisha faili." Dada akanipigia simu palepale: "Mdogo wangu, njoo uichukue kabla hawajaifuta. Baba yumo humo."

Nasema wazi kwamba ushauri ule ulikuwa wa hatari, na nimeusikia sehemu nyingi. Kufomati diski mgonjwa, au kuiendeshea chkdsk ya kurekebisha (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), ni kuiandikia vitu vipya wakati hata kusoma inashindwa. Ndani ya diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Sahani ikishachubuka, kila unapomlazimisha kichwa arudi palepale unaongeza uharibifu. Programu nyingi za kurudisha faili zina tabia hiyohiyo: zikikuta sekta mbovu zinang'ang'ania papo hapo, huku sehemu nzima nzima za diski zikisubiri na muda wake ukiyoyoma.

Kabla ya yote niliwasha kompyuta nyingine kwa flashi yenye SystemRescue, ambayo ni Linux ndogo isiyohitaji kusakinishwa na inakuja na zana zote nilizozihitaji. Nikachomoa diski kwenye laptopu na kuiunga moja kwa moja kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani. Kebo ya USB nayo inawezekana, lakini diski ikikwama, USB hupenda kujikata. Amri ya smartctl, inayosoma rekodi za afya ambazo diski hujiwekea, ikanionyesha hali: namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, namba 197 ni zile zinazosubiri hukumu. Ya 197 ilikuwa kubwa, na kila nikiangalia upya imepanda. Hapo hakuna tena cha kujadili, ni kunakili.

Amri yenyewe ni hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Hakikisha sdb ndiyo diski mgonjwa kweli, na mahali unaponakilia pana nafasi zaidi ya ukubwa wa diski nzima, si ukubwa wa faili tu. Pia pasiwe na FAT32, ule mpangilio wa faili wa zamani unaokuta kwenye flashi nyingi, maana haipokei faili inayozidi GB 4. Wenye Ubuntu au Debian, pakiti yake inaitwa gddrescue.

Sasa utamu wa programu hii. Inapita kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, na ikikuta ubovu inaruka mbele, inaweka alama, inaendelea. Kisha inarudi kutoka upande wa pili kukaribia eneo bovu kwa kinyumenyume. Kila kitu inakiandika kwenye faili la ramani, lile nakala.map. Nililifungua ni maandishi ya kawaida tu: alama ya kujumlisha kwa eneo lililokwisha kusomwa, kiulizo kwa lisilojaribiwa, kistari kwa sekta zilizoshindikana. Umeme ulikatika usiku katikati ya kazi. Uliporudi nikaandika amri ileile, nayo ikaanzia ilipoishia bila kugusa tena yaliyokwisha kupatikana. Kwa mazingira yetu, sifa hiyo peke yake inatosha kuniuza.

Sehemu kubwa ya diski ilikuja upesi. Iliyobaki ndiyo ilikula siku: kasi inashuka mpaka baiti chache kwa sekunde, na unalazimika kuiacha. Baadaye nikarudia na -r3 mahali pa -n (ile inayoiambia isihangaike kwanza na maeneo mabovu), ili ijaribu sekta zilizobaki mara tatu, ikaokota nyingine kidogo.

Nakala ikawa tayari, diski mgonjwa nikaiweka pembeni. Nikafungua nakala.img kwa TestDisk, ikaorodhesha folda za dada kwa majina yake, nikazikopi. Mahali ambapo orodha ya faili iliharibika nilitumia PhotoRec, inayotambua faili kwa alama za mwanzo wake. Inafanya kazi vizuri, ila majina na folda vyote vinapotea. Unapewa maelfu ya faili zenye herufi f na tarakimu ndefu. Picha za kamera zilipangika kwa tarehe iliyomo ndani yake. Mitihani ya Word tulifungua moja moja na dada, jioni baada ya jioni.

Kasoro zipo. ddrescue haina madirisha wala vitufe, ni maandishi meusi kwa meupe ya terminali, na ukibadilisha chanzo na kituo unaweza kufuta kila kitu. Asiyezoea aketi na mtu anayeijua. Na kama diski inagonga "tak, tak" au haionekani kabisa, izime. Hapo programu yoyote haisaidii, inatakiwa maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ya kitoto. Habari za kuiweka kwenye friza achana nazo, unyevu utakaoganda ndani utaimaliza.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui: ddrescue inaweza kukuambia ni faili zipi hasa zimeumia. Nilitengeneza nakala ya nakala, nikatumia --fill-mode=- kujaza sekta zote zilizoshindikana kwa maneno SEKTA MBOVU, kisha nikatafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, zile zenye maneno hayo. Kukapatikana picha chache zenye kijivu kuanzia katikati kwenda chini, na video mbili za baba zinazokatika. Orodha nikamtumia dada. Moja ya video hizo shangazi alikuwa nayo kwenye simu, nzima. Ya pili bado tunaiulizia kwa ndugu wa Ifakara.