Darubini ya holografia kwa lenzi ndogo: itafaa Tanga?

Kwa kupima umbo la uso wa lenzi zenye upana wa mikroni mia chache, darubini hii ya leza ya nanomita 633 inafanya kazi safi: mwanga unaoakisiwa na lenzi hukutana na mwanga mwingine wa leza hiyo hiyo, na mistari ya mwingiliano inayotokea hutafsiriwa na programu kuwa kimo cha uso. Picha moja inatosha, kwa hiyo mtikisiko wa malori ya bandarini hausumbui sana. Udhaifu wake ni mteremko mkali wa uso: ukingoni mwa lenzi mistari ya mwingiliano hubanana, kamera ikashindwa kuitenganisha, na programu hukosea kimo kwa hatua za nanomita 316.5, yaani nusu ya urefu wa wimbi la leza. Kuongeza leza ya pili ya nanomita 660 hupanua hatua hiyo hadi takriban mikroni 7.7, ila kelele, yaani makosa madogo ya kubahatisha katika kipimo, nazo hupanda. Anza kwa kupima kioo bapa, ili uondoe kasoro za darubini yenyewe kwenye vipimo. Na unyevu wa Tanga jamani! Bila kiyoyozi, kuvu zitaota kwenye lenzi za darubini.